Wimbo Wenyewe Uko Wapi?

Ukurasa wa tisa wa kijitabu kile una picha ya zimwi lililobeba pipa begani, na chini ya picha kuna mstari mmoja: "Msichana akaimba wimbo mzuri sana." Niliusoma, nikafunua ukurasa wa kumi. Mtoto mmoja wa dawati la mbele, binti ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, wimbo wenyewe uko wapi?"

Nikarudisha ukurasa nyuma. Nikautazama mstari ule kwa makini kuliko nilivyoutazama usiku nilipokuwa nikiandika andalio la somo. Wimbo haukuwepo. Kulikuwa na taarifa tu kwamba msichana aliimba, na kwamba alichoimba kilikuwa kizuri. Watoto 87 wa darasa la pili walikuwa wananitazama, wanasubiri niimbe, nami sikuwa na cha kuimba.

Nimefundisha shule za msingi mkoani Tanga kwa miaka 14, na karibu miaka yote hiyo mimi ndiye ninayepewa vipindi vya sanaa na michezo, kwa sababu walimu wenzangu wanajua naweza kuimba. Vitabu vya picha nimekuwa nikiviingiza kwenye muziki muda mrefu. Lakini swali la mtoto yule ndilo lililonionyesha ninavitumia kwa ajili gani.

Hadithi yenyewe watu wengi wa pwani wanaijua, ingawa kila nyumba ina namna yake. Wasichana wanakwenda baharini kuokota makombe. Mmoja anapata kombe zuri kuliko yote, analiweka juu ya mwamba lisipotee, anaendelea kuokota mengine. Wakiwa njiani kurudi ndipo analikumbuka. Wenzake wanakataa kurudi naye, jua linazama na maji yanajaa. Anarudi peke yake huku akiimba ili kujitoa hofu. Mwambani kumekaa zimwi. Linamwambia, imba tena, sogea karibu, sikusikii vizuri. Anasogea. Linamdaka, linamtia ndani ya pipa, na tangu hapo linapita kijiji hadi kijiji likitangaza kuwa lina ngoma inayoimba: nipeni chakula niwapigie. Linapiga, na binti anaimba humo ndani. Mpaka siku linapofika kijiji cha kwao, na mama akiwa jikoni anaisikia sauti ya mwanawe.

Sasa utoe wimbo. Zimwi halina sababu ya kumwita karibu, ngoma haina kitu cha kuwashangaza watu, na mama hana cha kusikia. Hadithi inabaki haina mguu wa kusimamia.

Bibi yangu hakuwahi kuisimulia bila kuimba, wala hakuimba peke yake. Alisema "Paukwa", tukajibu "Pakawa", na kuanzia hapo tulijua kuna mahali mbele atakaponyamaza na zamu itakuwa yetu. Tulikuwa tunausubiri wimbo kama watoto wanavyosubiri ukoko wa wali. Hadithi zetu zilipoingia vitabuni, mara nyingi wimbo ndio ulioachwa nje. Naelewa kwa nini. Karatasi haina sauti, kurasa ni 16 au 24, na mistari minne inayorudiwa mara sita humwonekania mhariri kuwa ni nafasi iliyopotea. Lakini kinachofutwa hapo ndicho kilichokuwa kinamgeuza msikilizaji kuwa mshiriki. Kwangu mimi, kazi ya kitabu cha picha katika kipindi cha muziki inaanzia hapo: kuurudisha wimbo mahali ulipotolewa.

Jioni ile nikampigia simu shangazi yangu aliyeko Pangani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo? Mbona saa hizi, kwema?"

"Kwema. Nautaka ule wimbo wa kombe, aliokuwa akiuimba Bibi."

Akanyamaza. Kisha akaniambia ningoje apunguze moto, nikasikia kigoda kikiburutwa sakafuni, na baada ya kitambo akaimba:

*Kombe langu, kombe langu,*
*nimeliacha mwambani.*
*Maji yanajaa, mama,*
*nami ninarudi pwani.*

Nikamwomba arudie ili nirekodi. Aliporudia, mstari wa mwisho ulikuwa mwingine: *nami nimo humu ndani*. Na aliimba taratibu zaidi, kwa sauti iliyolegea, akikata mistari katikati. Nikadhani amechoka, nikamwambia basi, Shangazi, tuache mpaka kesho. "Sijachoka mie," akasema. "Hapo keshatiwa ndani. Hana pumzi."

Katika sentensi hizo fupi Shangazi alinipa somo zima. Wimbo ni ule ule, umebadilika mstari mmoja, na mwendo na nguvu ya sauti vimefuata hali ya mwimbaji. Miaka nimekuwa nikiandika ubaoni "kwa sauti kubwa, kwa sauti ndogo, haraka, polepole", na watoto wakifuata kama wanaofuata amri za paredi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuimba polepole isipokuwa kwamba mwalimu amesema.

Nikakaa na simu na daftari, nikaandika sauti kwa sol-fa, yaani kwa herufi za do, re, mi badala ya noti. Mstari wa kwanza unakwenda hivi: s m s m, l l s m. Sauti tatu tu, so, mi na la, na mtoto wa miaka saba anazishika mara moja. Sol-fa nilifundishwa chuo cha ualimu, na ninaamini bado ndiyo njia nafuu kuliko zote kwa shule isiyo na kinanda. Haihitaji mistari mitano wala karatasi maalumu, herufi zinatosha. Mwingereza John Curwen aliieneza kuanzia miaka ya 1840, baada ya kuipata kwa mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, na wamisionari wakaja nayo Afrika. Enoch Sontonga, aliyekuwa mwalimu wa shule Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 sauti ambayo leo watoto wangu wanaiimba mstarini kila asubuhi kama wimbo wa Taifa. Nikiandika s m s m ubaoni, huwa nafurahi kwamba natumia chombo kile kile alichotumia mwalimu mwenzangu.

Wimbo tulikuwa nao. Kitabu kilikuwa kimoja.

Mtu ambaye hajafundisha darasa la watoto 87 anaweza kudhani tatizo la kitabu cha picha ni namna ya kukisoma. Tatizo la kwanza ni kuonekana. Kitabu cha ukubwa wa kiganja, mtoto wa dawati la nyuma anaona mkono wa mwalimu tu, na mtoto asiyeona picha ataanza kumfinya jirani yake. Kwa hiyo hatukukitumia kile kijitabu. Tulitengeneza chetu. Nilichukua kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, ile ya kurasa 12, nyuma nyeupe pe. Mwalimu mwenzangu anayejua kuchora akachora kwa maka peni na rangi za maji, tukatoboa juu, tukaunganisha kwa kamba ya katani, ambayo Tanga haikosekani. Kinaning'inia kwenye msumari juu ya ubao. Kila ukurasa una maneno yasiyozidi sita, kwa herufi ambazo hata wa mwisho anaziona.

Kuna kitu picha ilifanya siku ya kwanza kabla hatujaimba. Nilipowaambia hadithi ni ya kombe, nusu ya darasa waliwaza kombe la mpira, na wengine wakaanza kutaja timu. Hawa ni watoto wanaokaa mwendo mfupi kutoka baharini. Nilipofunua ukurasa wa kwanza wakaona mwamba, maji yamekupwa, na kombe jeupe lenye mistari ya waridi ndani, mmoja akasema kwa sauti ya mshangao, "Kumbe ni kombe la pwani! Nyumbani tunalo, bibi anafunikia chungu." Neno likarudi kwao. Maelezo yangu yasingefanya hivyo kwa haraka ile.

Lakini niseme kwanza nilivyokosea huko nyuma, kwa sababu naona walimu wengi wanaanzia pale pale nilipoanzia mimi. Mara yangu ya kwanza kuleta kitabu kwenye muziki niligawa vyombo kwanza: chupa za maji zenye mchanga, vizibo vya soda vilivyotungwa kwenye waya, vifuu vya nazi, makopo. Kisha nikafungua kitabu na kuanza kusoma. Hakuna aliyesikia hata sentensi moja. Mtoto ukimpa manyanga mkononi halafu ukamwambia asiyatikise, umempa mateso. Nilipaza sauti, wakapaza nao, mwalimu wa darasa la jirani akaja mlangoni, na kipindi kikaisha nikiwa nakusanya vizibo sakafuni. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo chombo cha kwanza ni mdomo, cha pili ni mikono na miguu, na manyanga yanakuja siku ya tatu au ya nne, kwa mtoto ambaye tayari anajua ni ukurasa gani anapaswa kulia.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba Mjerumani Carl Orff, pamoja na Gunild Keetman, waliujenga ufundishaji wao juu ya mpangilio wa namna hiyo: maneno yasemwe kwa mapigo, mapigo yahamie kwenye makofi, mapaja na miguu, ndipo yafike kwenye vyombo. Majuzuu yao ya muziki wa watoto yalitoka kati ya 1950 na 1954, na walimu wengi wa Ulaya na Marekani wanaofuata njia hiyo leo hufungua kipindi kwa kitabu cha picha. Nimejifunza kwao na sioni haya kusema. Ila kuna jambo hawawezi kutusaidia, nalo ni lugha. Vitabu vyao vinaimbika kwa sababu ya vina na mikazo ya Kiingereza. Ukivitafsiri neno kwa neno unapata picha nzuri na sentensi zinazojikwaa.

Kiswahili kina mapigo yake, na ni hazina. Silabi karibu zote zinaishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto anaweza kuzipigia makofi bila kubahatisha. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiongeza kiambishi nyuma mkazo unahama. Sema *nyumba*, kisha *nyumbani*. Pigo zito lilikuwa kwenye *nyu*, sasa liko kwenye *mba*. *Mwamba*, *mwambani*. Ndiyo maana mstari wa Shangazi unateleza ulimini: sauti inapanda pale pale neno linapopanda. Na ndiyo maana nyimbo nyingi zilizotafsiriwa juu ya sauti za kigeni zinamchosha mtoto, maana zinamlazimisha akaze mahali ambapo mdomo wake haukazi.

Mchezo tunaoupenda kuliko yote ulitokea kwa bahati. Kwenye ukurasa wa kijiji cha kwanza mchoraji wetu aliweka wanyama, mbuzi na mbwa na jogoo, wamekimbia wanaiogopa ngoma. Tukapiga makofi majina yao. Jogoo, makofi matatu: jo-go-o. Mbuzi, mawili: mbu-zi. Mbwa? Wengi wakapiga moja. Mvulana mmoja akapiga mawili na wakamcheka. Nikamwambia aseme polepole tusikie. "M-bwa." Darasa likanyamaza, kila mtu ananong'ona: m-bwa, m-bwa. Kweli, ile *m* imesimama peke yake na ina pigo lake, wakati kwenye *mbuzi* imeshikana na *b*. Basi wakaanza kutafuta. Mbu, mawili. Mtu, mawili. Nchi, mawili. Nzi, mawili. Mtoto, matatu. Siku mbili nzima nilikuwa nasikia makofi uwanjani wakati wa mapumziko. Mimi mwenyewe, mwalimu mzima, sikuwahi kulisikia jambo hilo mpaka mvulana yule alipolipiga kwa viganja.

Halafu kuna tanakali za sauti. Sijui lugha ngapi zina utajiri huu, lakini yetu inao, na kitabu cha picha kinauita utoke. Kitu kikianguka majini, chubwi. Kikianguka mchangani, tifu. Mlango ukafungwa ndi. Giza likawa totoro. Watu wakanyamaza jii. Kila moja ni sauti iliyokwisha kupangwa na wazee wetu, ina urefu wake na uzito wake, na mtoto anaijua kabla ya kuja shule. Chini ya kila picha tuliandika tanakali yake, na hizo ndizo zikawa noti zetu. *Chubwi* ni kifuu kimoja kikigongwa ndani ya ndoo ya maji. *Tifu* ni mguu mmoja sakafuni. *Jii* ni pumziko, na kati ya yote ndiyo ngumu kuliko zote kuipiga. Bahari tuliipata kwa ungo wenye choroko: ukiuinamisha taratibu choroko zinateremka na kuleta sauti ya wimbi linalovuta mchanga, ukiuinamisha upande wa pili wimbi linarudi. Watoto wawili walifanya kazi hiyo kwa wiki tatu na hawakukubali kupokewa.

Nililigawa darasa kwa safu za madawati. Safu ya dirishani ni bahari. Ya katikati ni njia, nyayo za binti na nyayo za zimwi, miguu na mapaja. Ya mlangoni ni kijiji, wao ndio wanaoimba. Ngoma ilikuwa moja tu, vumi, ile kubwa yenye sauti nene, niliyoiazima kwa jirani.

Sasa kuhusu ukurasa wa nane. Mwenzangu alikuwa amechora zimwi likiwa mbali sana, linapanda kilima, na pipa begani dogo kama kidole gumba. Nilipouona niliona amekosea, kwa sababu wa nyuma wasingeliona. Nilitaka nimwombe auchore upya lakini rangi zilikuwa zimekwisha. Basi nikaufunua hivyo hivyo. Tulikuwa tumetoka ukurasa wa saba, ambako zimwi liko uwanjani kijijini na pipa linajaza nusu ya karatasi, na safu ya mlangoni ilikuwa imeimba kwa nguvu zote. Nilipofunua wa nane wakaimba wimbo ule ule kwa sauti ndogo kabisa, karibu ya kunong'ona. Sikuwa nimewaambia. Sikuwa nimeinua wala kushusha mkono.

"Mbona mmepunguza?" nikauliza.

"Si yuko mbali, Mwalimu."

Nikawaomba waendelee wenyewe, mimi nifunue tu. Ukurasa wa tisa zimwi linakaribia kijiji cha pili, pipa limekua kidogo, sauti ikakua kidogo. Walikuwa wanasoma nguvu ya sauti kutoka ukubwa wa pipa. Nilisimama pembeni ya ubao na kamba ya katani mkononi, na nakumbuka wazi kabisa nilivyotaka kipindi kisiishe.

Kisha tukafika ukurasa wa kumi, kijiji cha kwao binti, na pipa limejaa karatasi kutoka ukingo hadi ukingo. Wote wakaimba kwa kishindo, isipokuwa mvulana mmoja, yule wa mbwa, aliyekuwa anaimba chini chini. Wenzake wakamshitaki. "Mwalimu, huyu haimbi." Akajitetea: "Naimba. Lakini amechoka. Amebebwa vijiji vyote, hajala." Nilishtuka, kwa sababu alikuwa anasema maneno ya Shangazi, na sikuwa nimewasimulia habari za simu ile.

Ukazuka mjadala nisiokuwa nimeupanga. Upande mmoja wanasema liko karibu kwa hiyo sauti iwe kubwa. Upande mwingine wanasema aliye ndani hana nguvu. Binti mmoja akapatanisha: ngoma ipigwe kwa nguvu maana zimwi limeshiba, na wimbo uwe mdogo maana binti ana njaa. Tukajaribu. Vumi ikanguruma na wimbo ukazama wote, haukusikika hata neno. "Sasa mama atasikiaje?" akauliza mwingine. Wakamwambia mpiga vumi apunguze. Akapunguza mno, ikawa zimwi halitishi. Wakajaribu apige mwanzoni mwa mstari tu, kisha aache nafasi. Hapo ndipo ilipokaa sawa: pigo moja zito, halafu ndani ya kimya kinachofuata, sauti nyembamba ya watoto: *nami nimo humu ndani*. Niliwahi kukaa chuoni kipindi cha saa nzima nikielezwa uwiano wa sauti na mahali pa kuacha nafasi kwa mwimbaji. Watoto wa darasa la pili waliufikia kwa dakika kumi, kwa sababu kulikuwa na mama jikoni ambaye lazima asikie.

Kengele ililia. Kipindi ni dakika 30.

Nitasema jambo kuhusu dakika hizo. Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015, uzito mkubwa umewekwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na ni haki, kwa sababu tulikuwa na watoto wanaomaliza shule bila kujua kusoma. Kwa hiyo mwalimu wa muziki akiulizwa kwa nini anashika kitabu, jibu la haraka ni kwamba muziki unasaidia kusoma. Nimelitoa jibu hilo mbele ya mdhibiti ubora, na halikuwa uongo, maana mtoto aliyepiga makofi *m-bwa* hana shida tena na silabi. Lakini sipendi jibu hilo liwe la pekee. Linaufanya muziki kuwa kijakazi wa somo jingine, na siku ikipatikana njia nyingine ya kufundisha silabi, kijakazi atafukuzwa. Ninataka watoto waimbe vizuri. Ninataka wajue kuacha nafasi, kusikilizana, kupunguza ili mwingine asikike. Hayo ni muziki, na yana thamani hata kama hakuna herufi moja iliyosomwa siku hiyo.

Vitabu vinapatikana kuliko watu wanavyodhani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, umetoa vitabu vingi vya Kiswahili vilivyoandikwa na kuchorwa na watu wa hapa, na shule nyingi zinavyo kabatini vikiwa vipya kwa sababu havijafunguliwa. Kwenye mtandao kuna African Storybook, mradi uliozaliwa Afrika Kusini, wenye hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili. Leseni yake inakuruhusu kuzichapa, kuzikuza, hata kuzibadilisha. Kwangu hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu maana yake ni kwamba pale palipoandikwa "akaimba", naweza kuandika alichoimba.

Ninapochagua, siangalii sana kama hadithi inahusu muziki. Vitabu vinavyohusu ngoma na zumari mara nyingi vinaeleza tu. Natafuta tukio linalojirudia kwa kubadilika kidogo, mtu anayekwenda mahali na kurudi, picha zenye mbali na karibu, na walau ukurasa mmoja ambao hauna maneno. Ukurasa usio na maneno naupenda sana. Mwalimu wa kusoma anaupita haraka. Mimi naweza kukaa hapo siku mbili.

Kitabu chetu kina ukurasa wa namna hiyo, wa 12. Wazazi wamemtoa binti pipani zimwi likiwa limelala, na ndani wamejaza nyuki na siafu. Zimwi limeondoka, limefika mbali, lina njaa, limeshika gongo. Hakuna maneno. Tulikubaliana vumi ipige mara moja, halafu wote wangoje wimbo ambao hautakuja. Watoto 87, jii. Halafu kutoka safu ya dirishani nyuki mmoja, midomo imefungwa, mmm, halafu wawili, halafu safu nzima, halafu darasa lote, mpaka mabati yakaanza kuitikia.

Walipotulia nikaanza kukunja kitabu. Binti wa dawati la mbele alikuwa amenyoosha kidole tena.

"Mwalimu, na kombe?"

Hakuna aliyelirudia. Bibi hakusema, Shangazi hakusema, kijitabu hakikusema, wala sisi hatukuwa tumelifikiria. Nikamwambia sijui, akafikirie.

Siku iliyofuata alikuja na karatasi ya daftari la kuchorea, amepaka rangi ya bluu mpaka karatasi imelowa. Mwamba uko katikati. Maji yamejaa yameufunika wote, imebaki ncha, na juu ya ncha kuna kitu cheupe chenye mistari ya waridi. Chini hakuandika kitu. Tulitoboa matundu mawili, tukaifunga kwa katani nyuma ya ukurasa wa 12. Nilipoufunua, kabla sijasema lolote, safu ya dirishani wakachukua ungo.